Fundi, Isikilize Injini Kwanza

Ndani ya msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, mashine za kupasulia mbao hazikai mahali pamoja. Wapasuaji huzihamisha kila wanapopewa kitalu kipya cha mipaini, na ile aina ndogo ambayo watu wa huko huiita dingdong hukokotwa hadi katikati ya miti, mbali na barabara ya lami. Siku fremu yake inapopasuka, au mkono wa tela la magogo unapokatika kwenye tope, kambi yote husimama. Wapasuaji hukaa juu ya magogo, wabebaji hawana ujira, mama lishe anabaki na sufuria iliyojaa, na dereva wa fuso aliyekuja kupakia anaanza kumpigia simu tajiri wake. Kupeleka chuma hicho Mafinga mjini ni kukodi gari na kupoteza siku. Anayeitwa ni fundi wa kuchomelea, naye haji mikono mitupu: nyuma ya pikapu, au juu ya pikipiki ya magurudumu matatu, amefunga kwa kamba injini iliyounganishwa na jenereta ya kuchomelea.

Umeme vijijini umesogea sana tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007. Lakini nguzo hufika kijijini, na kazi ya chuma mara nyingi iko nje ya kijiji. Iko shambani trekta lilipovunjia jembe, iko kwenye mnara wa tangi la maji, iko kwenye kivuko cha miguu kinachofungwa juu ya mto, iko kwenye paa la zahanati inayojengwa leo na itakayounganishiwa umeme mwakani. Kwa kazi hizo mashine ya injini haina mbadala, wala sioni dalili ya kuupata hivi karibuni.

Jambo linalonisumbua ni jinsi tunavyomwandaa mtu wa kuitumia. Fani ya uchomeleaji hufundishwa upande wake na fani ya injini upande wake. Kijana hukaa chini ya fundi mkuu miaka miwili au mitatu, akajua kuwasha kijiti cha kuchomelea, kukitembeza, kugonga ganda na kusafisha kwa grenda. Siku anapopewa mashine ya injini, anaonyeshwa pa kutia mafuta na pa kuvutia kamba, basi. Matokeo yake moto anaumudu, lakini kinachouzalisha moto huo ni kitu kigeni kwake. Injini inapokufa mapema, anailaumu nchi ilikotoka.

Tuanze na namba iliyo kwenye kibandiko, kwa sababu hapo ndipo hela hupotelea dukani. Mtu anayechomelea kwa kijiti cha milimita 3.2 hutumia kama ampia 120, na moto wake huwaka kwa volti zinazokaribia 25. Zidisha: wati 3,000, yaani kilowati tatu pale kwenye ncha ya kijiti. Jenereta nayo hula sehemu yake kwa joto, kwa hiyo injini italazimika kutoa karibu kilowati tano, ambazo ni takriban nguvu za farasi saba. Mtu akisoma kibandiko chenye nguvu za farasi kumi anaona amepata na ziada.

Kibandiko hicho kimeandikwa kwa hewa ya pwani. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, maana hewa inazidi kuwa nyepesi na mafuta hayapati oksijeni ya kutosha. Mafinga iko kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,900. Farasi kumi walionunuliwa Kariakoo wakifika Mufindi wamebaki wanane na kidogo. Ukienda Makete, juu ya mita 2,000, wanapungua tena. Sasa fundi anachomelea, na msaidizi wake amechomeka grenda ya wati 2,000 kwenye soketi ya mashine hiyohiyo, akasaga kipande kingine ili kazi iende haraka. Injini inazama, moshi mweusi unatoka, kijiti kinanata kwenye chuma. Mashine si mbovu, imepewa mzigo wa mashine mbili. Anayenunua kwa ajili ya nyanda za juu aongeze robo nzima ya nguvu juu ya hesabu yake, na grenda isubiri moto uzimwe.

Kibandiko kina namba nyingine ambayo wachache huisoma, ile yenye asilimia. Ikiandikwa ampia 200 kwa asilimia 60, maana yake katika kila dakika kumi mashine inavumilia moto wa ampia 200 kwa dakika sita, na dakika nne inapumua huku injini ikiendelea kuzunguka ili feni iondoe joto kwenye nyaya. Fundi wa kijiti hupumzisha mashine bila kukusudia anapobadili kijiti na kugonga ganda. Hatari huja kwenye kazi kubwa yenye vijiti vinene na wasaidizi wepesi, ambapo koleo halikai tupu hata dakika moja. Nyaya za ndani zikinuka, varnishi yake imeshaanza kuungua, na hakuna dawa ya bei rahisi baada ya hapo.

Asubuhi ndiyo shule yenyewe. Mwezi Juni na Julai baridi ya Mufindi hugandisha umande juu ya majani, na oili ndani ya injini huwa nzito. Mashine iwekwe mahali pa tambarare kwanza, ndipo oili ipimwe, maana kwenye mteremko kijiti cha oili hudanganya, na pampu au kijiko cha kurushia oili huweza kukosa cha kuchota. Injini za silinda moja za dizeli bado nyingi huwashwa kwa hendeli. Unafungua kilegeza mgandamizo, unazungusha mpaka gurudumu zito la injini lishike kasi, unakifunga, injini inapiga. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli kama unavyoshika mpini wa jembe, kwa sababu injini ikirudi nyuma hendeli hulivunja. Jambo hili dogo mafundi wakongwe huwaambia vijana kabla ya jingine lolote.

Ikishawaka, iache. Dakika tatu hadi tano bila mzigo, oili ifike juu, pistoni ipanuke, sauti itulie. Kwenye dakika hizo fundi mzuri hasimami bure, anasikiliza. Injini iliyo na afya ina mpigo mmoja usiobadilika. Akigusa kijiti kwenye chuma, itainama kidogo kisha gavana, yaani kidhibiti kasi cha injini, italeta mafuta na mpigo utarudi ulipokuwa. Ikiinama isirudi, kuna chujio la dizeli lililoziba, au hewa imeingia kwenye bomba la mafuta, au ampia zimewekwa juu kuliko uwezo. Ikipanda na kushuka yenyewe bila mzigo, gavana ina tatizo. Haya yote husikika kabla hayajaonekana, na anayeyasikia mapema hutengeneza kwa spana mbili kitu ambacho mwezi ujao kingedai injini ifunguliwe.

Gavana ndiyo kifaa kinachoonewa kuliko vyote. Mashine nyingi ndogo huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili soketi itoe umeme wa hezi 50, na zile kubwa zenye ncha nne huzunguka mara 1,500. Mtu akiona moto hautoshi, anakaza springi ya gavana kwa waya ili injini ikimbie zaidi. Moto unaongezeka kweli. Pia volti ya soketi inapanda, taa zinapasuka, grenda inaungua, na gurudumu zito lililopimwa kwa mzunguko fulani linazungushwa kupita pale. Gurudumu likipasuka kwa kasi ile, kipande chake hupita bati na mwili wa mtu. Atakayekuta springi imefungwa waya kwenye mashine ya kukodi airudishe kwa mwenyewe kabla hajaiwasha.

Upande wa pili kuna kosa la kuionea huruma injini. Dizeli haipendi uvivu. Mashine kubwa ya ampia 400 ikitumiwa kutwa nzima kushonea nondo za milimita kumi, silinda haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na baada ya wiki kadhaa utaona majimaji meusi yakitoka kwenye ekzosi. Ringi huanza kunata, nguvu hupungua, na mwenye mashine hushangaa kwa nini injini aliyoitunza hivyo imechoka. Inataka mzigo wa haki. Na kazi ikiisha isizimwe ghafla, iachwe izunguke dakika chache bila moto ipoe taratibu.

Vumbi nalo linastahili neno. Chini ya mipaini kuna unga wa mbao, na kandokando ya barabara za msituni kuna udongo mwekundu unaopeperushwa na kila gari. Chujio la hewa likiziba, injini hukabwa. Likitolewa ili ipumue, kama wengine wanavyofanya, udongo huingia moja kwa moja na kusaga silinda kama msasa. Kupuliza au kubadili chujio ni kazi ya dakika kumi. Oili hubadilishwa kwa saa za kazi, na kitabu cha mashine ndicho chenye amri. Injini nyingi ndogo hutaka oili mpya kila saa 100. Fundi anayewasha mashine saa nane kwa siku amefika hapo kwa siku 12 na nusu. Saa 100 za injini ni sawa na gari lililokwenda kilomita 6,000 kwa mwendo wa 60 kwa saa, na hakuna dereva wa daladala atakayekubali kwenda mbali hivyo mara tatu bila kumwaga oili. Kwenye mashine ya kuchomelea tunafanya hivyo kila mara kwa kuwa haisogei, na kisichosogea tunadhani hakichoki.

Tukifika kwenye chuma chenyewe, ubaya mwingi huanzia kwenye waya wa ethi. Kibanio kishike chuma kilichosagwa mpaka king'ae, karibu na mahali pa kazi. Kikishikwa kwenye kutu au rangi, umeme hupotea pale kwa joto, na fundi hupandisha ampia kufidia kosa lisilo la mashine. Kwenye tela ni hatari zaidi. Ukifunga ethi kwenye ringi ya gurudumu na kuchomelea kwenye fremu, mkondo wote utapita ndani ya beringi na kuacha vidoa vya kuungua kwenye gololi. Beringi hiyo itavunjika barabarani baada ya wiki, na hakuna atakayekumbuka siku ya kuchomelea. Kwenye gari, betri itenganishwe kwanza, maana vifaa vya kielektroniki na altaneta huungua kwa umeme unaotafuta njia ya kurudi. Waya wa kuchomelea usikae umeviringishwa wakati wa kazi: unyooshwe, na kama kazi iko mbali, utumike waya mnene zaidi.

Swichi kubwa ya kuchagua kiwango cha ampia isigeuzwe moto ukiwa unawaka. Cheche inayoruka ndani hula shaba ya swichi, na kila mara inavyogeuzwa hivyo inabaki nyembamba zaidi.

Kijiti kinachouzwa kila duka la vifaa ni 6013. Ni kijiti cha huruma: kinawaka kwa urahisi, ganda lake hutoka vizuri, kinafaa milango, madirisha, meza za shule. Namba mbili za mwanzo zinasema nguvu ya mshono kwa maelfu ya paundi kwa inchi ya mraba, yaani 60,000. Kwa mkono wa tela linalobeba tani za mbao, mimi sikubaliani na desturi ya kutumia kijiti hichohicho kwa sababu tu ndicho kilichomo kwenye boksi. Hapo panahitaji 7018, chenye ganda lisiloleta haidrojeni kwenye mshono, na kinachovumilia mtikisiko kuliko 6013. Sharti lake ni ukavu. Kikilala kwenye ukungu wa Mufindi usiku mmoja kimevuta maji, na haidrojeni ya maji hayo hujificha kwenye chuma kinene, ikaja kupasua mshono saa kadhaa au siku kadhaa baada ya fundi kuondoka. Mshono ulionekana mzuri, mteja akalipa, wakaagana. Viwandani vijiti hivyo hutunzwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 na zaidi. Msituni, pakiti isiyofunguliwa hadi dakika ya kazi, na vijiti vya kutumika siku hiyohiyo, ndiyo njia ya mtu asiye na oveni.

Ninasisitiza mkono wa tela kwa sababu ya barabara. Mbao za Mufindi zikienda Dar es Salaam hushuka mlima Kitonga, kwenye kona zinazofuatana, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine korongo. Kiungo kilichofanywa kwenye tope na fundi mwenye haraka hukutana na uzito wake wote pale, huku mabasi ya abiria yakipanda kuja juu. Fundi asiye na kijiti sahihi au asiyeweza kupasha joto chuma kinene ana haki ya kukataa kazi hiyo, na tajiri wa tela ana wajibu wa kumsikiliza.

Msituni kuna moto mwingine wa kuogopwa. Cheche za kuchomelea na za grenda zinaweza kuruka zaidi ya mita kumi zikiwa bado na joto la kuwasha majani makavu ya mipaini. Kuanzia Julai hadi mvua zinaponyesha, kila kambi inajua kilichotokea kwenye vitalu vya jirani miaka iliyopita. Ardhi ifagiliwe mpaka udongo uonekane, maji na mchanga viwe karibu, ekzosi iwe na wavu wa kuzuia cheche, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine akae akiangalia. Akae hata baada ya kazi, nusu saa kwa uchache na saa nzima ikiwezekana, kwa sababu moto wa majani ya paini hufukuta chini kimya kabla ya kuinuka. Injini ya petroli isiongezwe mafuta ikiwa ya moto. Na pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli lisichomelewe hata kama limekaa wazi mwaka mzima, kwa sababu mvuke uliobaki kwenye mikunjo hulipuka, na umeshaua mafundi.

Kuhusu moshi nitasema kwa kirefu, kwa kuwa ndio unaotuchukulia watu polepole bila kelele. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 2012 kuwa moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2017 lilitangaza hivyohivyo kuhusu moshi wa kuchomelea. Fundi wa mashine ya injini anavuta yote miwili kwa pumzi moja, kutwa, mara nyingi akiwa amepiga magoti na kichwa chake kimeinamia wingu. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo; inahitajika ya kichujio inayobana uso. Lakini kinga ya kwanza haina bei. Fundi aangalie upepo kabla ya kuteremsha mashine, aiweke upande unakoelekea upepo, umbali wa waya wote, ekzosi ikitazama kwingine. Kisha naye akae ubavuni mwa upepo ili wingu la kijiti lisipite usoni.

Mvua ikinyesha, tamaa ni kuingiza mashine kibandani. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika damu na kuinyima oksijeni. Mtu huanza kwa kichwa kuuma, anahisi usingizi, anakaa kidogo apumzike, haamki. Dirisha lililo wazi halitoshi. Mashine ya injini isiwashwe ndani ya chumba, stoo au kontena, hata kwa dakika tano, hata kwa mshono mmoja uliobaki.

Bomba la maji lililopakwa zinki nalo lina yake. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe mzito, na jioni fundi anatetemeka kwa homa, viungo vinauma, mdomo una ladha ya chuma. Wengi humeza dawa ya malaria. Homa hiyo huondoka yenyewe baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana watu huidharau na kurudia. Wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua, ilhali maziwa huenda tumboni na moshi umeenda kwenye mapafu. Iondoe zinki kwa grenda pande zote za kiungo kabla ya kuwasha, na ufanye kazi nje.

Macho vilevile. Miwani ya jua ya barabarani haitoshi kuuzuia mwanga huu. Kwa ampia 75 hadi 200 kioo cha namba 10 ndicho kinachofaa. Maumivu hayaji hapohapo. Huja usiku, saa sita au zaidi baadaye, mtu akahisi mchanga umemwagwa chini ya kope, machozi yakamtoka bila kukoma. Wapo wanaofunika macho kwa vipande vya viazi. Waende zahanati, wakae gizani, na wasirudi kwenye kijiti mpaka wapone. Msaidizi anayeshikilia chuma huku amegeuza uso tu ndiye anayeumia zaidi, na watoto wa kambini waliokuja kuangalia cheche hawana hata wa kuwafukuza. Turubai moja lililotundikwa kwenye nguzo mbili linawakinga wote.

Ufundi huu si wa vichochoroni peke yake. Msweden Oscar Kjellberg, aliyebuni kijiti chenye ganda, alianzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, na ganda hilo ndilo lililowezesha mshono wa kuaminika mahali pa wazi. Tangu hapo injini na kijiti vimefuatana popote ambapo hakuna waya. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968, linapita kwenye nyanda hizihizi za juu kusini. Sasa kuna bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, mabomba ya inchi 24, kila kipande mita 18. Gawanya upate viungo zaidi ya 80,000, ambavyo vingi havikuwa karibu na nguzo yoyote. Kwenye kazi za namna hiyo mchomeleaji hupimwa kabla hajagusa mshahara, mshono wake hupigwa picha za ndani, na ukikataliwa hukatwa. Kijana wa Mafinga aliyejifunza kutunza injini na kukausha vijiti ana sehemu ya safari hiyo mkononi tayari. Anachokosa ni cheti na mtu wa kumpima.

Limebaki suala la fedha, na hapa mafundi wanajidhulumu. Bei hutajwa kwa idadi ya vijiti au kwa kukadiria ukubwa wa kazi. Dizeli inahesabiwa, kwa sababu inanunuliwa asubuhi ileile. Kwa kilowati tano za injini ni kama lita moja na nusu kwa kila saa ya moto. Saa za injini hazihesabiwi. Oili, machujio, ringi za mwakani na mashine mpya ya miaka mitano ijayo vyote vinakuwa zawadi kwa mteja. Fundi awe na daftari lenye safu tatu tu: tarehe, saa ilizowaka, alichobadilisha. Baada ya miezi mitatu atajua kila saa inamgharimu kiasi gani, na atataja bei akiwa na hesabu mbele yake. Mwenye mashine ya kukodisha naye akodishe kwa saa, ajue iliwaka lini na ilimwagwa oili lini.

Vyuo vingi vya ufundi stadi vya VETA vina karakana ya uchomeleaji na karakana ya mitambo kwenye uwanja mmoja. Mwanafunzi wa uchomeleaji apelekwe ng'ambo ya uwanja wiki mbili, afungue injini ya dizeli ya silinda moja, aifunge, aiwashe kwa hendeli, kisha achomelee kwa umeme wake na kujibu mtihani kwa vyote viwili. Matajiri wa kambi za mbao, wakandarasi wa visima na halmashauri zinazoita mafundi kwenye maeneo yasiyo na umeme waweke kwenye makubaliano malipo ya saa ya injini, kioo cha namba 10, barakoa ya kichujio na mtu wa kuangalia moto. Na fundi unayesoma hapa ukiwa na kazi kesho, chomoa kijiti cha oili leo jioni, mashine ikiwa tambarare na imepoa, ukiangalie.